Kigogota wa Kwetu Huku Kikole

Kambi ya mbao, Kikole,
Kilwa.

Dada Zubeda,

Shikamoo. Nakuomba usome barua hii kwa sauti, Baba akiwa karibu, hata akijifanya anachonga mpini. Kifua cha Mama kimetulia? Mimi ni mzima, ila upweke unanitesa na sioni sababu ya kuficha. Tangu kiwanda cha chai kiuzwe tukapunguzwa, nami nikakataa jembe nikaja huku, Baba hajanitumia hata salamu. Barua zako zote husema, "Baba yupo." Nashukuru, lakini hainitoshi.

Kazi yangu ni kuwatangulia wapasuaji mbao. Siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu, na tajiri wetu anataka kuuwahi msitu kabla ya wenzake. Basi hutumwa mbele peke yangu, nagonga miti kwa kisogo cha shoka. Mti ukilia mzito natia alama ukatwe; ukilia mtupu una uozo ndani, naupita. Kutwa nzima sina wa kuzungumza naye ila magogo.

Juzi nikasikia mtu mwingine anagonga ng'ambo ya korongo. Dada, nilivyofurahi! Nikadhani tajiri mwingine kaleta mgongaji wake. Nikafunga vifungo vya shati, nikapiga hodi. Nilipofika nikakuta kigogota.

Lakini si wa huku. Wa huku wana madoa na michirizi. Huyu kichwa kijivu, utosi mwekundu, mgongo wa kijani kilichofifia bila doa hata moja, na wekundu tena juu ya mkia. Ni yule wa msitu wa juu ya shamba letu Bumbuli, ambaye hata huko hatumwoni kila siku, wala hatujasikia akishuka pwani. Mti aliokuwa akiudonoa niliupita bila kuugonga.

Nilimwita Bi Somoe, anayetupikia, aje amwone. "Huyu si wetu," akasema. "Wetu nawajua, kutwa wako kwenye mikorosho yangu. Labda kapotea, kama wewe." Nikacheka kwa mdomo tu. Wapasuaji wanasema ndege ni ndege, nimezidiwa na kukumbuka kwetu. Sasa nami nimeingiwa na shaka.

Wa kukata shauri ni Baba peke yake, maana ndiye aliyenifunza ndege. Na unajua kawaida yake: ukimletea rangi, anakuuliza, "Aligongaje?" Basi weka karatasi chini, gonga meza kwa kidole, taratibu, kama unabisha mlango wa mgonjwa. Mara mbili. Nyamaza. Mara tatu za haraka. Nyamaza kirefu. Mara moja.

Sasa mwulize kama ndiye. Mambo ya jembe na kiwanda yaache. Namwuliza habari za ndege tu.

Nisalimie Mama, shemeji, shangazi wa bondeni, na wanao, hasa yule mdogo niliyemwacha anatambaa. Sijui kama atanijua.

Baba mpe shikamoo yangu. Akisema ndiye, niandikie. Akisema siye, niandikie. Hata akikohoa tu, niandikie kwamba amekohoa.

Mdogo wako,
Rashidi