Gitaa Chini ya Bati

Esnath, nimetoka ukumbini kwa Fahadi sasa hivi. Siamini.

Kanipangia shoo Jumamosi zote nne za Aprili na bango kashabandika. Gitaa tupu, bila spika, eti watu wasikie mpaka pumzi.

Aprili. Tukuyu hii hii. Na ukumbi wenyewe bati tupu, hauna dari.

Nikamuuliza, na mvua? Akanijibu, "Mvua italeta mudi." Na mtu mwenyewe kazaliwa hapa hapa mjini, Makandana.

Leo tukafanya majaribio mbele ya wageni wake kumi. Mvua ikashuka. Nikaimba wimbo mzima, macho nimefumba, kwa hisia zote.

Nafumbua macho, Fahadi kaniinamia sikioni anapiga kelele: "Anza basi dada, watu wanakusubiri."