Ngoma Nyuma ya Skrini Yangu

Nyegezi, Mwanza
Jumatatu

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Shigela,

Shikamoo baba. Naamini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na wale ng'ombe wawili waliokuwa wakikohoa wameshapona. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula, analala, ila nikikutaja wewe anainuka kwenda kufua nguo ambazo hazijachafuka.

Baba, nina hasira. Nalisema mapema ili usije ukalitafuta katikati ya salamu. Ningekupigia simu, lakini simu yako huwa unaiweka sauti ya juu pale uwani, na wazee wenzako wote wanachangia jibu. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Unajua kwamba ninacheza gemu, umeshalalamika vya kutosha. Ila hukuwahi kuniuliza hizi marathoni zetu ni kitu gani, basi nikueleze. Hakuna anayekimbia kwa miguu. Mtu anakaa kwenye kiti, anashika pedi ya kuchezea, anajitahidi kulimaliza gemu zima haraka kuliko mwingine, na watu wanatazama uwanjani na mtandaoni huku wakichangia jambo la maana, kama vitanda vya wodi ya wazazi. Mwaka juzi hapa Mwanza ilikuwepo moja tu, tena tulikuwa tunatazamana wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi zimeota kama uyoga. Wanachuo wa hapa Nyegezi wana yao, vijana wa kwaya wana yao, hata wauza simu wana yao. Zimekuwa nyingi hadi waandaaji wanagombania watazamaji, na hapo ndipo ujinga ulipoingia.

Mwandaaji wetu ni Sadru, yule ambaye baba yake ana duka la vifaa vya umeme. Mwezi wa sita alikwenda Bujora kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo, akawaona Wagalu na wapinzani wenu Wagika wakicheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na ushindi ukaenda kwa waliovuta watu wengi. Akarudi mjini macho yamemtoka. Akasema marathoni yake nayo itaamuliwa vivyo hivyo: wachezaji wawili, skrini mbili kubwa zilizopeana migongo, na mwenye umati mkubwa mwishoni ndiye atakayeiwakilisha Mwanza kwenye marathoni kubwa ya Dar. Nilimwambia huo ni upuuzi, gemu hupimwa kwa saa. Akanijibu kwamba saa hakuna anayeishangilia.

Nikakubali. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilijiambia kwamba mimi ni mtoto wa manju anayeongoza ngoma ya Wagalu, nani Mwanza hii atanishinda kwa watu? Nikakupigia, nikakuomba uje na kundi lako. Ukaniambia goti linauma, na kwamba ngoma ya wakubwa haipigwi kwenye michezo ya watoto. Iliniuma, lakini nikakuamini. Ile nafasi ya Dar nimeihangaikia mwaka mzima, baba. Wenzangu wakitoka kazini wanapumzika, mimi nakwenda kwenye kibanda cha gemu kujifunza.

Mchana wa siku yenyewe uwanja pale Mirongo ulijaa. Mpinzani wangu alikuwa Chenge, kijana wa huko huko kwako Kisesa, mtoto wa mwenzako mnayepiga naye ngoma. Gemu letu ni la mchimbaji aliyefukiwa mgodini, anatafuta njia ya kutoka. Kuna ukuta mmoja ambao wengi wanauzunguka. Mimi nimejifunza kuupenya kwa kuruka na kupiga sururu kwa wakati mmoja. Nilipoupenya, upande wangu ulilipuka kwa vigelegele. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni waliweka mizigo chini, wakashangilia kitu wasichokijua.

Ndipo ngoma ikaanza kulia nyuma ya skrini yangu. Watu walihama kama walioitwa chakula. Niliwasikia wakiondoka, sikugeuka, kwa maana kwenye mchezo huu ukigeuka umekwisha. Nilimtoa mchimbaji wangu nje wakati Chenge bado anapapasa gizani. Nikainua mikono. Upande wangu alikuwa amebaki mama, na mzee mmoja aliyesinzia kwenye baiskeli yake. Sadru akautazama umati, akauinua mkono wa Chenge. Chenge mwenyewe aliona aibu; alinifuata akaniambia kwamba hakujua kama ngoma ingeletwa, na kwamba anajua nani alishinda. Sikuitaka huruma yake.

Mama alinishika mkono nisizunguke upande wa pili. Nikazunguka.

Baba, nilikuona. Ulikuwa katikati na ngoma kubwa, jasho linakutiririka, na lile goti linaruka kama la mbuzi. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza kwetu, na baba yangu akamtunza mwingine. Njiani mama alinieleza kwamba ulimwambia mapema: baba yake Chenge alikuita kwa kiapo cha kundi, na Mgalu hamwachi Mgalu uwanjani. Ukasema mtoto ataelewa.

Sijaelewa. Nilipokuwa mdogo nilikuomba unichanje dawa ya kundi niingie Wagalu kama kaka zangu. Ukakataa, ukasema binti ataolewa aondoke na dawa za watu. Kwa hiyo siku ile Chenge alikuwa na kundi, mimi sikuwa nalo, na aliyepanga iwe hivyo ni wewe. Umenionea, baba, na nalisema kwa heshima yote niliyobaki nayo.

Sasa sikia jambo ambalo sipendi ulisikie kwa jirani. Jumapili iliyopita manju wa Wagika alikuja hapa ninapoishi. Alikuwepo Mirongo, aliyaona yote. Aliniuliza swali moja tu, kama nina kundi. Wamenichanja, baba. Mimi ni Mgika. Na mama hakukaa pembeni ananitazama. Aliunyoosha mkono wake uchanjwe kabla ya wangu.

Marathoni nyingine ya Sadru iko mwisho wa mwezi, safari hii hapo Kisesa, na sheria ni ile ile. Ukija na ngoma, ujue unaipiga dhidi ya mkeo na mwanao. Ukija bila ngoma, nitakuwekea kiti upande wangu.

Wape salamu kaka zangu, na wote wanaotuulizia. Mama ameisoma barua hii yote kabla sijaifunga, na hakufuta hata neno moja.

Ni mimi binti yako,
Odeta