Keki Iliyogomea Kisu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafuu, na kwamba yule jirani bado anakuja asubuhi kukukanda na si kukupigia soga tu. Mwili wangu ni mzima. Wajukuu wako wanakusalimu, na yule mdogo kang'oka jino la mbele, kila siku anauliza utakuja lini uone pengo.

Uliniagiza nikueleze harusi ya kitinda mimba wako ilivyokwenda, maana daktari alikukataza safari. Nakueleza yote, wala sitatia chumvi.

Unajua kwamba shughuli ya keki alinikabidhi mwenyewe. Alikuja kwangu miezi miwili kabla, akakaa jikoni juu ya ndoo ya unga kama alivyozoea tangu mdogo, akasema hataki keki ya mtu mwingine ila ya dada yake. Nilifurahi nusura nilie. Zabibu nililoweka wiki tatu. Nikaoka ghorofa tatu, keki tupu toka juu mpaka chini. Siku hizi wapo waokaji wanaopanga maboksi na kuyapaka aisingi, keki ya kweli ikawa ghorofa moja tu, na kwa macho huwezi kujua. Mimi hiyo siiwezi.

Wiki moja kabla ya harusi nikamwita yeye na wifi sebuleni kwangu niwafundishe kukata. Tulitumia mkate. Niliwapanga vizuri: mkono wa bibi harusi ushike kisu, wa bwana harusi uje juu yake, kisu kiingie ghorofa ya chini, vidole viwili kutoka ukingoni, na wasikimbilie kulishana kabla mpiga picha hajawa tayari. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu mdogo wangu alikamata kisu kama anayechinja kuku. Walirudia mara saba, tukamaliza mikate miwili. Na siku hiyo, Mama, wote wawili walikuwa wanajua. Walikuwa wananitazama usoni na wanajua.

Siku ya harusi nilifika ukumbini saa nne asubuhi, keki nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikakuta meza ya keki ina keki tayari. Ghorofa tano, nyeupe, maua ya sukari mpaka kileleni. Nikadhani nimekosea ukumbi. Mhudumu mmoja akaniambia, bila hata kuniuliza mimi ni nani, kwamba keki za kugawa zinapita mlango wa nyuma.

Mdogo wangu akanifuata jikoni, shati hajafunga vifungo. Akasema ukweni kwake waliona keki ya nyumbani haitapendeza kwenye picha. Akasema nisimwelewe vibaya, yangu italiwa na wageni wote, na keki si ndiyo kazi yake kuliwa. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema. Akainamisha kichwa, akanieleza neno moja ambalo nitalifikia. Alipoondoka nilichukua kisu cha mkate, nikaikata keki yangu mwenyewe vipande vya mraba.

Sasa nije kwenye kukata keki. Mshereheshaji aliwaita maharusi mbele, watu wakatoa simu zao. Wakashika kisu kama nilivyowafundisha, ghorofa ya chini, vidole viwili kutoka ukingoni. Kisu hakikuingia. Wakasukuma kwa nguvu, aisingi ikabanduka kipande kizima kama plasta ya ukuta, boksi likaonekana pamoja na maandishi yake ya dukani. Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakashindwa kujizuia. Mshereheshaji akatania kwamba keki imegoma. Wifi aliachia kisu akalia, wanja ukamshuka mpaka kidevuni. Wakwe walimwita mwokaji tapeli mbele ya kadamnasi, na mpaka leo wanaapa kwamba hatapata kazi tena mji huu.

Mama, yule mzee mwokaji si tapeli. Ni mtu mpole, vidole vimekauka kwa sukari kama vyangu. Kabla hajakimbilia harusi nyingine alipita jikoni, akauliza nani anasimamia ukataji. Nikamwambia ni mimi. Akanieleza kwamba ghorofa nne ni maboksi, keki ni ile ya pili kutoka chini, penye utepe mdogo wa fedha, niwaambie maharusi wasikosee. Alirudia mara mbili. Nikamwitikia na kumshukuru, kisha nikaenda zangu kukaa meza ya nyuma. Nilikuwa na saa nzima kabla keki haijakatwa. Mdogo wangu alipita karibu nami mara mbili, na mara moja alisimama kuniuliza kama nimekula.

Najua nimefanya ubaya. Kesho nitakwenda kwa yule mzee nimwombe radhi, kisha nimfuate wifi na wazazi wake niwaambie ni mimi. Lakini nimetaka wewe ujue kwanza, kwa sababu lile neno aliloniambia mdogo wangu jikoni ni lako. Alisema alikupigia simu mwezi mmoja kabla, dhamiri inamsuta, anataka kuniambia, ukamkataza. Ulimwambia, "Usimwambie. Atalia kidogo, kisha atanyamaza. Dada yako namjua."

Na wiki hiyohiyo ulinipigia mimi, ukaniuliza kama zabibu zimelowa vizuri.

Wakwe ni watu baki. Mdogo wangu tumemdekeza wenyewe. Wewe ndiye uliyeniuma, Mama, wewe sikukutegemea. Ila ulimwambia kweli, unanijua. Kulia sikulia. Nilinyamaza.

Dawa ya goti nimempa anayekuletea barua hii, uchue asubuhi na jioni. Msalimu jirani.

Ni mimi,
Binti yako wa kwanza