Tanuri Langu na Ndiyo ya Mjomba

Jumapili, 4 Juni 1967

Tanuri la mikate limesimama! Mume wangu Fanueli na wenzake wa kanisani walilimalizia jana. Liko nyuma ya jiko letu, tumbo mbele kama mama mwenye mimba ya mapacha. Leo baada ya ibada nusu ya usharika wamepita hapa, eti wanakuja kusalimia. Kusalimia wapi! Wamegongagonga udongo kwa vidole, wamekunywa chai yangu, wakasema bado bichi, nisiwashe moto kwanza.

Haya. Tanuri ninalo. Mdomo wa kumwambia Mama Marta sina.

Watu wote wanajua naacha kazi isipokuwa mwajiri wangu mwenyewe. Fanueli ananiambia nenda tu kamwambie. Yeye ni kibarua wa barabara, bosi wake hamjui hata jina. Mimi nilianza kumwamkia Mama Marta shikamoo nikiwa msichana wa kuosha vyombo pale kwenye nyumba yake ya wageni. Mkate nimejifunzia jikoni mwake. Jeni wangu alipougua, ni yeye aliyelala naye hospitali Bumbuli, mimi nikiwa kitandani na homa. Mtu kama huyo unamwambiaje kwa mdomo wako, mama, nakuacha? Haisemwi. Anatumwa mtu mzima akaseme.

Nitamtuma mjomba Ramadhani.

Jumatatu, 5 Juni

Kumbe kuna jingine! Fanueli katoka mkutano wa tawi amenuna. Yeye ndiye balozi wa nyumba kumi huku kwetu, na leo wamesomewa tena Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na mambo ya kibepari. Na kiongozi, eti, ni mtu pamoja na mkewe.

Nimemuuliza, Baba Jeni, kwani balozi ni kiongozi? Kasema hajui. Hajui! Mbuzi wa jirani walipokula kabichi za watu alikuwa kiongozi mkubwa, akahukumu mpaka sauti ikakauka. Leo hajui. Katibu wa tawi naye hajui, atauliza wilayani. Wilayani watauliza Tanga.

Halafu Halima jirani, niliyemwambia atanisaidia kupasua kuni na kukanda. Katibu kasema kumwajiri mtu ni kumnyonya. Sasa Mama Marta ananinyonya mimi? Mbona nimenenepa? Na nikiacha kunyonywa, nikamchukua Halima, nimekuwa kupe? Nisipomlipa, je? Nikikaa bure ni mvivu, na wavivu nao wamesemwa, tena vibaya. Nimemuuliza Fanueli yote hayo. Kaniomba chumvi.

Jumatano, 7 Juni

Hasira. Bwana mmoja wa misitu, mgeni wetu, kala mkate asubuhi na siagi, kafumba macho. Kasema hajala mkate kama huu wa Mama Marta tangu azaliwe. Mkate wa Mama Marta! Aliyeamka na ukungu ni nani? Aliyekanda ni nani? Nilikuwa nimesimama palepale na birika, nikamwaga chai kwenye sahani.

Mama Marta alicheka tu kwa furaha. Jioni kanifungia maandazi ya Jeni kwenye kitambaa safi, kaniuliza mtoto kikohozi kimepona? Nikaona haya. Hasira na haya kwa pamoja, mtu anaweza kupasuka.

Alhamisi, 8 Juni

Mjomba Ramadhani kaja. Nimemfundisha maneno kama mtoto wa katekisimu: Raheli anashukuru, Raheli anaomba kutoka kwa amani, Raheli anataka kujitegemea. Kasema, mwanangu, mimi nimepeleka posa ngapi katika ukoo huu, nitashindwa hili dogo? Nimempa jogoo mwekundu ampelekee Mama Marta.

Hamisi wa Mombo, yule mwenye mgahawa pale mabasi yanaposimama, kaniletea salamu kwa kondakta. Anangoja mikate yangu. Kila siku, kasema, abiria hawaishi.

Ijumaa, 9 Juni

Nimekwisha.

Mjomba alikwenda baada ya swala. Mimi nilipika chakula cha mchana pale kwa Mama Marta, kisha nikaomba ruhusa mapema, nisiwepo. Nimekaa nyumbani nachambua maharage yaleyale mara mbili. Jioni mjomba huyo anapandisha kilima, anachokoa meno, uso umetulia.

Umesema, mjomba? Nimesema. Umesema nini? Nimemshukuru. Na lile jingine? Akatazama tanuri. Lile jingine, kasema, halikupata nafasi.

Maana Mama Marta alimkaribisha kwa wali na kuku. Mjomba akala, akaongezewa, akala. Sasa mwanangu, mtu kakulisha nyumbani kwake, unafuta mdomo unamwambia nakuja kukutolea mpishi? Mimi sikulelewa hivyo.

Na kweli! Hata mimi nisingesema. Hapa kwetu ukishakula cha mtu, neno chungu linasubiri siku nyingine. Lakini Mungu wangu, kuku yule nilimpika mimi! Kwa mikono yangu hii! Na nilimtia ndimu!

Bado hayajaisha. Mama Marta kuona jogoo, shukrani, mzee mzima kavaa kanzu, akadhani ukoo umekuja kumshika mkono. Akamwambia mjomba kuwa amekuwa akiwaza. Miguu haimbebi tena, watoto wako mbali, anataka Raheli awe msimamizi wa nyumba yote. Ashike funguo za stoo. Mjomba akajibu, tumekubali.

Tumekubali! Sisi nani? Nimelia mbele yake, naye kashangaa, kadhani ni furaha. Ndiyo ya mjomba nitaitengua vipi? Nikimruka, nimemvua nguo mzee wa watu mbele ya mwenzake.

Jumamosi, 10 Juni

Msimamizi. Nimelitamka neno hilo jikoni nikiwa peke yangu. Si neno baya.

Mwaka jana ningeimba. Fanueli ndiye anayeimba sasa. Shida yake imekwisha, mke ana kazi ya mshahara, hakuna ubepari, katibu asiulize mtu. Na tanuri? Tutafugia kuku, kasema. Nikamtupia mwiko. Haukumpata, bahati yake.

Lakini nataka nini mimi? Kweli sijui. Kule kuna godoro la kulalia hata nikiugua. Huku kuna udongo mbichi na Hamisi wa Mombo, ambaye kesho anaweza kuamka hataki mikate. Nikiwa kule nawaza huku. Nikiwa huku naogopa.

Jumatatu, 12 Juni

Nimepewa funguo. Mama Marta kanifungia mwenyewe kiunoni, akawaambia wageni huyu ndiye mwenye nyumba sasa, mimi ni bibi wa kukaa juani. Kafurahi kama mtoto. Nami nikasema asante mama. Nilisema! Ulimi wangu huu!

Jumanne, 13 Juni

Nimejaribu tanuri. Ilibidi nijue.

Baridi ya mwezi huu haiuachi unga uumuke, basi nililaza beseni la unga kitandani, katikati yangu na Jeni, nikalifunika blanketi. Fanueli kalalamika anaachiwa ukingo. Akiamka hana mto, beseni lina mto. Alfajiri unga umejaa pomoni. Halima kaja kuwasha kuni, tumefagia majivu, tumeingiza mikate, tumeziba mlango kwa kigae na udongo, tumesubiri kama watu wenye mgonjwa.

Imetoka! Myekundu juu, laini ndani, mmoja tu umeungua. Kondakta wa basi la Mombo alinusa toka barabarani, kaja, kakata kipande, kauliza mkate wa nani huu? Halima kasema, wa Raheli.

Wa Raheli. Sijawahi kusikia hivyo maishani mwangu. Nimeingia ndani nikalia kidogo, kisha nikaenda kazini na funguo kiunoni. Kutwa nzima nimechelewa kila kitu.

Naondoka kwa Mama Marta. Sasa najua. Kinachonishinda ni mlango wa kutokea tu.

Jumatano, 14 Juni

Nimemfuata mjomba hadi kondeni. Nikamwambia, mjomba, umenifunga, nenda ukanifungue. Kagoma. Kasema neno la mzee si mpira wa kurushwa huku na huku. Nikapiga magoti kwenye matuta ya viazi. Mwishowe kakubali, kesho, na jogoo mwingine. Nimemwapisha: utasema kabla ya kula. Kasema, kabla ya kula. Rudia. Kabla ya kula, mwanangu, niache nilime.

Alhamisi, 15 Juni

Naandika jikoni kwa Mama Marta, nimekalia gunia la unga. Mlango wa ukumbini uko wazi kidogo. Mjomba yuko humo.

Alianza na onga mshi, wakasalimiana Kishambaa kirefu. Mama Marta kafurahi, jogoo wa pili! Kaniita papo hapo, Raheli, mletee mzee chakula.

Chakula kiko tayari. Wali, maharage, kuku. Kiko kwenye sinia mbele yangu. Sipeleki. Sipeleki mpaka aseme!

Mjomba kasema mvua ilikuwa nzuri. Ukungu umezidi. Mahindi. Goti lake la kushoto. Sasa yuko kwenye bei ya kabichi Mombo.

Mama Marta kaita tena. Abee, mama! Nimeitika, na miguu imesimama yenyewe, sinia liko mikononi. Nimelirudisha mezani. Nimekaa.

Wali unapoa.

Kabichi zimekwisha. Mjomba kakohoa. Sema, mjomba. Sema! Kakohoa tena, kisha kwa sauti ya kubembeleza kabisa: Raheli, mwanangu, leta tu chakula.

Mzee huyu! Ananiomba nimzibe mdomo.

Sikuitika. Ni mara ya kwanza kuitwa na mjomba nikanyamaza.

Mama Marta kamwuliza taratibu, kwani kuna nini, mzee? Kiti kinasukumwa. Ni Mama Marta, namjua kwa ile miguu, anaikokota. Anakuja jikoni mwenyewe.

Sinia nimelishika tena kwa mkono wa pili. Sijui nimpe au niliweke. Mjomba hatasema, wa kusema ni mimi. Na shikamoo nilishampa asubuhi, sina hata pa kuanzia