Upinde wa Kujibia Salamu

Mfaranyaki, Songea

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako goti linamsumbua, ila mdomo haujambo.

Nimeziona picha za pinde za kuwindia huko Kanada, zile za kufungua vipande vitatu. Unauliza ununue wa kuvutwa kwa nguvu ya ratili arobaini au wa sitini.

Fundi wa pinde kule Lusewa alikuwa na desturi yake. Unavuta, unashikilia, huku unamwamkia na kumjibu habari za nyumbani, za shamba, za mifugo. Sauti ikitetemeka, anakupa upinde mwepesi zaidi. Mimi nilichukua mgumu kuliko zote, maana baba yake bibi yako alikuwa pale na nilikuwa namposa binti yake. Nikavuta, nikasema shikamoo moja tu, nikaachia, nikadai nina haraka.

Kesho yake tukaenda na mzee huyo kuvizia nguruwe waliokuwa wakimmalizia mahindi. Nguruwe akasimama karibu kabisa, anatafuna. Nikavuta. Mikono ikatetemeka kama nina malaria, mshale ukachomoka wenyewe ukapigilia ardhini kofia ya mzee, ambayo ashukuriwe Mungu alikuwa ameivua. Nguruwe akaondoka bila hata kukimbia. Mzee akachomoa mshale, akavaa kofia yake yenye tundu, akaniuliza kwa upole, "Na nyumbani hawajambo?"

Kwa hiyo usinunue bado. Ukiwa dukani nipigie, weka sauti kubwa, vuta upinde, kisha uniamkie. Nitauliza habari za kila mtu, mpaka za paka wa jirani. Usikate simu.

Babu yako