Pamba Nyekundu

Jumanne, 18 Novemba

Modemu tisa leo. Zote zimepigwa na radi. Kazi ile ile. Solange anasoma namba ya chipu kwenye bodi. Mimi naibandua kwa hewa moto, naisafisha, naiweka kwenye kisomeo. Kompyuta inavuta yote yaliyomo. Tunasoma mara mbili, tunalinganisha, ndipo tunayahamishia kwenye bodi nzima. Bodi hufa, kumbukumbu mara nyingi hubaki. Hilo ndilo linalomlisha patron, mwenye karakana, na sisi.

Chipu nyingine hunywa umeme mdogo. Hizo Solange huzitia nukta nyekundu mgongoni, ya rangi ya kucha. Nikiiona nukta, naweka kwanza bodi ndogo ya kupunguza umeme. Wakati wa kusafisha nisiguse mgongo. "Mutanzania, osha miguu tu," huniambia, "kama padri Alhamisi Kuu." Karakana nzima hucheka. Mimi pia.

Kiuno kinauma. Kwetu Kasulu ni mbali.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeiua chipu. Ya mama mmoja wa kule Rubona, mwenye chumba cha kompyuta karibu na bandari. Alileta modemu yake imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ndani ya chipu ile kuna kitambulisho cha modemu. Bila hicho mtandao hauipokei, hata ukiipa bodi mpya.

Ilikuwa na gundi nyingi. Nilikuwa nimechoka. Nikaiosha yote kwa asetoni, ile inayoondoa hata rangi ya kucha, miguu na mgongo. Nikaiweka kwenye kisomeo bila bodi ya kupunguza umeme. Ikaniunguza kidole. Kwenye skrini FF, FF, FF, mistari yote. Yaani hakuna kitu.

Nikatazama pamba mkononi. Nyekundu.

Patron akaja. Akaigeuza chipu. Mgongo msafi. "Solange, verni iko wapi?" Solange akasema rangi alipaka. Patron akanitazama mimi. Pamba ilikuwa imeshaingia mfukoni. Nikasema nilipoiweka sikuona nukta.

Si uongo kamili. Ni uongo.

Ijumaa, 21 Novemba

Mama wa Rubona amekuja kuchukua modemu. Hakupiga kelele. Alikunja kitenge chake mara nne, akauliza tu ni nani. Patron akamwonyesha Solange kwa kidevu.

"Mi nilipaka," Solange alisema. "Mungu iko anaona."

"Bon, Mungu akupatie kazi. Jumatatu usikuje."

Hivyo tu. Miaka sita yuko kwenye benchi ile. Alichukua kioo chake cha kukuzia, chupa ya rangi akaiacha. Mlangoni akageuka. Akaniambia nichunge chipu za umeme mdogo, sasa hakuna wa kunionyesha.

Hakunishuku hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 23 Novemba

Nilikwenda misa. Wengine walipopanga foleni ya komunyo nilibaki nimekaa.

Solange ndiye aliyenitoa kwenye kubeba makreti. Niliacha shule kidato cha pili, sikujua hata kushika kibano. Alinifundisha herufi za kwenye chipu kwa kioo chake mwenyewe. Ana wadogo wawili wanaosoma shule huko Nyundo, na hakuna mwingine wa kuwasomesha.

Najiambia mimi ni mgeni hapa, nikifukuzwa nitakwenda wapi. Kweli. Na yeye atakwenda wapi? Karakana kama hii ni moja tu mjini.

Mimi ni mwoga. Nimeliandika neno hilo ili nilione.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimekalia kiti chake. Kazi ya kupaka nukta sasa ni yangu. Herufi moja ikibadilika, umeme unabadilika. Macho yanatoka machozi. Kila chipu naisoma mara nne. Modemu tatu tu siku nzima.

Patron ameniita fundi. Mara ya kwanza. Nimelingoja neno hilo miaka miwili. Ilibidi aniite tena, sikuitika.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwona Solange soko la Mahoko. Anauza viazi vya mtu. Nikarudi nyuma kabla hajaniona. Sina adabu tena.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulichimba mfereji wa mtaa tangu asubuhi, patron na jembe lake pembeni yangu. Nikamwambia pamba ilikuwa nyekundu. Hakuelewa. Nikaeleza yote, asetoni, mfuko, uongo. Majirani walisikia. Sikupunguza sauti.

Akaegemea jembe. "Siku kumi," alisema. "Siku kumi unakula na mi, na hiyo kitu iko mu tumbo yako. We mutu gani?"



Akampigia Solange palepale, simu ikapakaa tope. Walisema Kinyarwanda. Nilishika neno moja, mbabarira. Patron anaomba msamaha. Kosa langu, na anayeliombea msamaha ni yeye.

Kisha akaniambia Jumatatu nije, ila nirudi kwenye kufungua skrubu, nilipoanzia benchini. Kama nataka. Nimesema nataka.

Jumapili, 30 Novemba

Nilikwenda Rubona kumwambia mama mwenyewe. Chumba cha kompyuta kimefungwa. Mwenye duka la jirani hajui alikohamia.

Jumatatu, 1 Desemba

Solange amerudi. Aliingia akapeana mikono na kila mtu, mmoja mmoja, hata na mteja aliyekuwa mlangoni. Mimi alinipita. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nikaushusha, nikashika bisibisi.

Mvua tangu saa nne. Nimefungua modemu kumi na moja. Skrubu nimezipanga kwa ukubwa wake, kila modemu kwenye kisahani chake.

Saa nane nilimsikia Solange akimwambia patron kwamba chipu ameisoma mara mbili, na yote yamelingana. Nikavuta modemu nyingine.