Koo la Mnadi

Karatu,
17 Agosti 1986

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huko Daa mmeamkaje? Mguu wa Mama umepata nafuu? Na ile ngiri yako, bado unaifunga kwa shuka na kusema haikusumbui? Mimi ni mzima, ingawa naandika nikiwa kitandani hospitalini. Usishtuke, soma hadi mwisho.

Unakumbuka mwaka juzi waliponipasua utumbo, hospitali ile nyingine. Tumbo lilipona, koo likabaki kama limesuguliwa kwa gunzi. Nilipolalamika, nikaambiwa nishukuru niko hai. Nishukuru vipi, mimi ninayekula kwa kunadi ng'ombe? Nilinadi kwa mikono. Lembris wa Nainokanoka akafukuza nzi, nikadhani anapandisha bei, nikampigia beberu asiyemtaka. Mpaka leo ananiita bubu wa mnada. Nawe ulipoona vile ukaapa hupasuliwi ng'o. Mzee asiye na sauti, ulisema, ataongozaje sala ya slufay? Baraka gani hiyo ya kunong'ona, na nani ataiitikia?

Hapa kuna mama mmoja, Blandina, mtaalamu wa usingizi. Nilimmwagia malalamiko yangu yote, hakunikatiza. Akaniambia mpira wa kupumulia ndio huchubua koo, ukiwa mnene au ukisukumwa kwa haraka. Wanaume wengi hupewa namba nane na nusu. Yeye angenipa saba. Tofauti ya milimita moja na nusu! Nilimcheka. Akasema huupaka mafuta laini, huupitisha taratibu akimulika njia, na kale kaputo ka mwishoni hukajaza hewa ya kuzuia uvujaji tu, kasibane koo. Hakuniahidi miujiza, alisema huenda koo lingewasha kidogo.

Nilipozinduka liliwasha hadi jioni, basi. Nimenadi vitu vingi, Baba, ila mkono wa mama yule hauna bei.

Sasa sikia nilichokuficha. Kovu langu lilitoa ngiri ndogo, na daktari alisema inaweza kusubiri. Yako haiwezi, ikijibana itakuua. Nimetangulia mimi kwenye meza ya upasuaji, usije ukaniambia naongea ya kusikia. Sauti iliporudi nilianza slufay yako, na wazee wa wodini wakaitikia, kitanda hadi kitanda. Mmoja wa Endamarariek akafoka kwamba nimeruka mahali pa mvua, aitwe mwenyewe, yaani wewe.

Blandina amekupangia upasuaji Jumatatu ya tarehe 25. Njoo uwasomee wazee slufay yote, kabla na baada ya kupasuliwa.

Mwambie Mama asilie, na Marsela amfunge yule ndama wangu mtoro. Nawaombea afya.

Mwanao, bado mnadi,
Josephati